Sahani Nilizorudisha Tupu

Mama Beya, bibi yangu,

Nimeketi mahali pako mezani, upande wa dirisha, kwa sababu huku ndiko mwanga unakofika umeme ukiwa umekwenda. Umekwenda tangu juzi. Noeli imepita jana, na leo mvua inanyesha juu ya mabati polepole, ile mvua uliyokuwa unasema haina haraka ya kwenda popote. Ninakuandikia kwa Kiswahili cha kanisani, kile ulichokuwa unasomea masomo Jumapili, ili usipate la kunicheka. Ukicheka, cheka taratibu.

Binti yetu Beya anakuja kesho. Anakuja na gari la bwana yake kunichukua nikaishi nao Lubumbashi, moja kwa moja. Nilishakubali. Mabegi yangu yako karibu na mlango na nyumba imepata mpangaji. Kabla hajafika nataka nikueleze kilichotokea jana, kwa sababu ni habari ya vyombo vyako, na kwa sababu tangu jana sijui tena nitamwambia nini mtoto.

Wacha nianze na hali yangu, maana najua ndiyo ungeuliza kwanza. Sina hali. Tangu tulipokuzika, ule wakati wa baridi na vumbi, watu wananiuliza, "Papa Beya, unajisikia je?" Mimi najibu "Bien," vizuri tu. Silii. Nililia kidogo makaburini, basi. Baadaye ikawa kama mkono uliolaliwa: uko pale, unauona, lakini ukiushika ni kama umeshika mkono wa mtu mwingine. Nakula bukari, sisikii ladha. King'ora cha kiwanda kikilia asubuhi nasimama, halafu nakumbuka kwamba nimestaafu zamani, nakaa tena. Padri aliniambia huo ndio uchungu. Nikamwambia, Baba, uchungu ningeutambua.

Ndiyo maana nilimkubalia Beya. Usifikiri nilipenda. Alikuja mvua zilipoanza, akakuta nimelala kitini na viatu miguuni, na kwenye jiko la mbabula makaa ya juzi. Akazunguka nyumba yote, halafu akaja kusimama mbele yangu. "Papa, hauwezi kuikala peke yako humu. Tunaenda ku Lubumbashi. Kule batoto batakuchangamusha." Nikasema sawa. Mtu anayesema hapana lazima awe na sababu, na mimi sikuwa nayo. Sawa ilikuwa fupi zaidi.

Unamjua mtoto wako. Akimpenda mtu, anapitia dukani. Noeli ilipokaribia akaanza kutuma mizigo kwa taxi-bus, na mimi kazi yangu ikawa kwenda kuipokea kituoni na toroli la kukodi. Katoni ya kuku wa friji. Gunia la mchele. Mafuta, soda, biskuti za bati zenye picha ya theluji juu. Suti ya kijivu. Na mti wa plastiki, Mama Beya, wenye taa za rangi zinazowaka na kuzima, kwa nyumba ambayo umeme unakuja ukipenda. Niliusimamisha kwenye kona, pale ulipokuwa unaweka kinu. Akanipigia simu: "Papa, hii ni Noeli yako ya mwisho ku Likasi. Tuifanye muzuri. Usikose kitu." Nikamwambia sitakosa.

Alitaka pia ninunue shati jipya la kuvaa na ile suti, basi nikaenda sokoni. Soko lilikuwa limemwagika mpaka barabarani. Magauni ya watoto, yale yenye matabaka, yalining'inizwa juu kabisa hata ukitembea yanakupapasa kichwa. Vipaza sauti vilikuwa vinagombana, kila kibanda na muziki wake. Kijana mmoja alisimama juu ya kiti akiita, "Noeli ni nguo, bamama! Noeli ni nguo!" na bamama wakawa wanamwendea, wanavuta, wanapima, wanatupa. Mmoja alikuwa mbele yangu kwenye viatu. Akatoa kijiti cha ufagio ndani ya kilemba, akakiingiza kwenye kiatu kidogo cheupe kuona kama kinafika. Nilijua mara moja. Ndivyo ulivyokuwa unampimia Beya mguu akiwa amelala, ukakata kijiti sawasawa na unyayo, ukaenda nacho sokoni ili asijue kitu mpaka Noeli yenyewe. Mara moja ulikipoteza njiani ukarudi na viatu vilivyomzidi, vya kipimo cha mtoto wa jirani, tukamfunga tambara vidoleni.

Nilisimama pale nikingoja kusikia kitu moyoni. Nilijiambia, sasa hivi kitakuja. Yule mama akalipa, akaondoka. Mwenye mashati akanishika mkono. "Papa, hii chemise, ukivaa ku misa, bantu banasahau kuangalia padri." Nikamlipa bei ya kwanza aliyotaja. Wewe ungeniua.

Kilichobaki kufungasha kilikuwa kabati lako la vyombo. Nilikuwa sijalifungua tangu uende. Mimi nilikuwa natumia sahani moja na sufuria moja, naviosha, navirudisha juu ya meza. Nilipolifungua nikakuta sahani zimepangwa vizuri, lakini hata moja si yetu. Zetu nazijua: nyeupe za bati zenye mdomo wa bluu, na chini yake uliweka nukta ya rangi nyekundu ya kucha ili zisipotee. Zilizokuwa humo zilikuwa za watu. Ile ya maua ya kijani ya Mama Ngoie. Ile ya plastiki ya njano ya Mama Chantal. Nyingine zilikuwa na alama za msumari, nyingine uzi, nyingine herufi. Nyumba karibu zote za mstari wetu wa kambi ya kiwanda, na za mstari wa nyuma, zilikuwa na chombo ndani ya kabati langu.

Niliona aibu. Sikusikia huzuni, nilisikia aibu, ile ya kazini. Unakumbuka nilivyofanya kazi yangu pale ghala la vifaa, kiwandani. Mtu akitaka spana, ananipa kibati chenye jina lake, nakitundika kwenye msumari, anaondoka na spana. Akirudisha lazima iwe safi na kavu, haina mafuta wala udongo, ndipo namrudishia kibati chake. Mtu hakuweza kustaafu kibati chake kikiwa bado kinaning'inia. Niliwaambia wazee waliokuwa na miaka mingi kuliko mimi: baba, mtu haondoki hapa akiwa na chombo cha wenzake. Walinichukia, lakini hakikupotea kitu.

Sasa mimi ndiye ninayeondoka Likasi, na kabati limejaa vyombo vya wenzangu. Basi nikaziosha. Nilizisugua kwa majivu na sabuni, nikazikausha kwa kitambaa kile cheupe ulichokuwa unakataza nisikiguse, mpaka zikalia kidole kikipita. Nikavaa shati, nikaenda mlango kwa mlango, sahani chini ya kwapa.

Mama Ngoie alikuwa wa kwanza, kwa kuwa ukuta wake ndio ukuta wetu. Alipokea sahani yake ya maua, akatazama ndani. Halafu akaigeuza akatazama chini, kana kwamba kuna kitu kingeweza kuwa kimenata huko.

"Njo vile? Hivi tu?" akaniuliza.

"Njo vile, Mama Ngoie. Aksanti mingi. Noeli ikipita naenda ku Lubumbashi."

"Aya," akasema, akafunga mlango.

Unamjua Mama Ngoie, mjane yule anaweza kukusimamisha mlangoni mpaka miguu ikaota mizizi. Nilifikiri labda ana kitu jikoni. Mama Chantal, yule mdogo wa nyumba ya mbele yetu, aliipokea yake kwa mikono miwili, akajifuta jicho kwa kitenge. Nikafikiri analia kwa sababu ninahama, nikamwambia asijali, Lubumbashi si mbali. Akaingia nayo ndani. Nilikwenda hivyo nyumba zote. Nilirudi mikono mitupu, nikalifunga kabati, na nikaridhika na kazi yangu kadiri mtu kama mimi siku hizi anavyoweza kuridhika.

Hapo ndipo ungepiga makofi ya mshangao, na kuniuliza nimeishi na wewe miaka hiyo yote nikiwa wapi. Nilikuwa mezani. Mambo ya sahani yalikuwa yako. Mimi niliona zinatoka zimefunikwa kitambaa na niliona zinaingia zimefunikwa kitambaa, na kazi yangu ilikuwa kula kilichofika. Sikuuliza kwa nini sahani ya mtu inakaa kwetu kuanzia Pasaka mpaka maembe.

Jana asubuhi nilikwenda misa na suti ya Beya. Kanisa lilijaa, watoto wote na nguo mpya zenye harufu ya duka, wengine bado na karatasi ya bei kwapani. Kwaya iliimba vizuri. Mahali pako pa kusomea alisimama msichana aliyekimbia maneno kama anafukuzwa. Nilikaa, nilisimama, nilipiga magoti, vyote kwa wakati wake. Nje watu walinisalimia kwa adabu sana. "Jambo Papa Beya. Safari njema." Wote walisema vivyo hivyo, na hakuna aliyeniambia pita kwetu. Nilidhani ni adabu tu.

Nikarudi kupika. Kuku wa Beya nilimchemsha, halafu nikamkaanga, halafu nikamsahau kidogo. Mchele ulitoka vizuri upande wa juu. Nilitandika kitambaa cha meza, nikapanga soda, nikafungua biskuti za bati. Nikakaa. Mti wa plastiki ulikuwa kwenye kona yake haujawaka. Mlango ulikuwa wazi, kama ulivyoupenda siku ya Noeli.

Ilikuwa ile saa, unaijua, baada ya mvua ya kwanza, watoto wa kambi wanapoanza kupishana njiani na sahani. Niliwaona wakipita. Mmoja na sahani, mwingine na bakuli, mwingine na chupa ya kinywaji cha munkoyo ameikumbatia. Walitoka nyumba hii kwenda ile, wakarudi, wakatoka tena. Walipita mbele ya mlango wetu kama maji yanavyopita pembeni ya jiwe. Nilifikiri labda wanaanza mwisho wa mstari mwaka huu.

Kisha akaja Chantal mwenyewe, yule mtoto wa mbele, ameshika sahani kwa mikono yote miwili, ulimi nje kwa kujitahidi isimwagike. Alikuja moja kwa moja kwetu. Miguu yake inaijua njia. Akakanyaga ngazi yetu. Mama yake akaita kutoka mlangoni kwake, si kwa ukali, kwa sauti ya chini:

"Chantal, hapana apo. Peleka kwa Mama Ngoie."

Mtoto akanitazama. Nikamtazama. Akashuka ngazi, akaenda kwa Mama Ngoie.

Niliangalia meza yangu. Hakikukosekana kitu, kama Beya alivyotaka. Kulikuwa na kila kilichotoka dukani na hakukuwa na tonge moja lililotoka mkono wa mtu. Na hapo, Mama Beya, kwa mara ya kwanza tangu uende, nikakumbuka ile Noeli ya mihogo.

Kampuni ilikuwa hailipi. Beya alikuwa bado anabebwa mgongoni. Hatukuwa na kitu ila mihogo ya shamba letu la njia ya Kambove, nawe uliichemsha yote, ukaikata kiupande-upande kama unavyokata wewe peke yako. Mimi nikasema, leo tufunge mlango, tule kimya, hii ni aibu ya kumpelekea mtu. Ukanitazama vile ulivyojua. "Kufunga mulango siku ya Noeli? Sisi ni panya?" Ukajaza sahani, ukatia chumvi, ukafunika kitambaa, ukampelekea Mama Ngoie. Jioni, wakati jua linashuka nyuma ya bomba la kiwanda, mtoto wa mstari wa nyuma akatuletea sahani. Ukafunua. Ilikuwa mihogo, iliyokatwa kiupande-upande. Mihogo yetu wenyewe. Juu yake kulikuwa na karanga za kusaga, na juu ya karanga kipande cha samaki mkavu, na mafuta kidogo yaliyokuwa yanang'aa.

Ulikaa chini sakafuni ukacheka mpaka kilemba kikaanguka. Mimi nilikasirika. Nikasema, kumbe hakuna aliyekula kitu leo kambi nzima, mnazungusha tu. Nawe huku unafuta machozi: "Bote balikula, Papa Beya. Angalia. Karanga ni ya Mama Ngoie. Samaki ni ya bale ba nyuma. Noeli ilizunguka camp yote, imerudi ku nyumba na mafuta." Tukaila. Ilikuwa tamu. Beya alilamba sahani mpaka ile nukta nyekundu karibu itoke.

Nilisimama nikaenda kwa Mama Ngoie. Sikubisha hodi, mlango ulikuwa wazi. Alikuwa amekaa kwenye kigoda, kitenge chake kipya, sahani za watu zimemzunguka.

"Mama Ngoie," nikamwambia, "minye nilikosa nini?"

Akaendelea kumenya kiazi. "Weye hapana kukosa. Ulitufungia."

"Nilifunga nini?"

"Papa Beya." Akaweka kisu chini. "Ku camp yetu, sahani ya muntu hairudi bule, hairudi tupu. Unaweka hata bilazi kama hii. Unaweka hata chumvi. Ukikosa, unaikala nayo mupaka siku unapata. Muntu akikurudishia sahani bule, na eko ameiosha vile, anakuambia imeisha. Kati yenu imeisha. Weye ulipita nyumba yote. Ku kila mulango, bule. Tukasema, aya, bibi yake amekufa, anaenda kwa mutoto, hapendi tena tukumbukane. Tutafanya je? Tumuache."

Nikamweleza habari ya ghala. Nikamweleza spana, kibati, msumari, mtu haondoki na chombo cha wenzake. Nilieleza yote, nimesimama na suti yangu katikati ya maganda. Alinisikiliza. Halafu mabega yake yakaanza kutikisika.

"Spana," akasema. "Papa Beya. Ulituhesabu spana."

Alicheka mpaka akashika ukuta. Ukuta wetu. Nilijua ungesikia kama ungekuwa upande wa pili. Nami sikucheka, lakini nilikaa kwenye kigoda kingine bila kukaribishwa.

Alipomaliza kucheka akaingia chumbani, akatoka na kitu amekifunga ndani ya kitambaa safi. Akafungua. Ilikuwa sahani nyeupe, mdomo wa bluu. Sikuhitaji kuigeuza, lakini yeye aliigeuza akanionyesha nukta nyekundu.

"Hii ni ya mwisho yenye alinitumia," akasema. "Eko tayari mugonjwa. Maharagi. Alileta yeye mwenyewe, anashika ukuta. Nikasema, ntaimurudishia na kitu ya maana. Ye akaenda ku hopitali. Kisha akakufa. Sasa niweke nini ndani, Papa Beya? Tangu ile siku natafuta kitu ya kuweka. Nakosa."

Ile siku naikumbuka. Uliniambia unatoka nje kidogo upate hewa. Nilikuwa nasikiliza redio. Uliporudi ulikuwa unatoka jasho, nikakuambia, si nilikwambia ulale? Hukusema ulikuwa umebeba maharagwe.

Mama Ngoie akaniambia kwamba si yeye peke yake. Sahani zetu ziko kambi nzima. Ndiyo maana kabatini hazikuwemo. Kila nyumba ina moja, imefungwa mahali, na kila mtu hajui aweke nini ndani, na hajui ampelekee nani. Halafu mimi nikapita na majivu na sabuni.

Nilirudi nyumbani. Sahani za kugawia sikuwa nazo, ila ile moja ninayolia, hilo unalielewa: za watu nimerudisha, zetu ziko kwao. Nikafanya kitu ambacho kingekupa aibu. Nikachukua sufuria yenyewe, nikarudishia kuku juu ya mchele, nikafunika, nikaishika kwa kitambaa kile cheupe, nikatoka nayo njiani na suti ya kijivu. Nikaanza na Mama Ngoie. Nikasimama mlangoni kwake nikamwambia, "Leta ile sahani nilirudisha." Akaleta ile ya maua ya kijani. Nikaijaza pale pale ngazini, kwa kijiko, mchele na paja.

Akaonja. Akatafuna muda mrefu.

"Papa Beya," akasema, "hii nkuku uliiua mara mbili."

Lakini hakurudisha.

Nikaenda kwa Mama Chantal. Nikamwambia vile vile: leta ile nilirudisha. Akaleta ya njano, na alikuwa analia hata kabla sijafunua sufuria, yule ana machozi karibu. Safari hii nilijua analilia nini. Nikapita mstari wote. Kuku akaisha, nikawa natia mchele. Mchele ukaisha, nikarudi kuchukua biskuti za bati, nikawa naweka biskuti. Kwenye mstari wa nyuma walitoa sahani wakacheka, habari ya spana ilikuwa imefika kabla yangu. Watoto walinifuata. Chantal nilimpa ule mti wa Beya, akaubeba begani kama jembe, taa zinaburuta matopeni.

Sijui nikuambie nilisikia nini. Sitaki kukudanganya. Haikuwa furaha. Nilikuwa nimechoka na nimelowa, na suti imeingia mafuta.

Halafu alasiri zikaanza kufika. Hapakuwa na mpango, ilikuwa moja moja, kati ya mvua na mvua. Mtoto mlangoni, kitambaa, "Papa Beya, mama anasema aksanti." Nikifunua, mdomo wa bluu. Lengalenga na karanga. Samaki. Sombe ya majani ya mihogo. Bowa, uyoga wa porini wa mvua hizi, umekaangwa na nyanya. Sahani zako, Mama Beya, zilikuwa zinarudi nyumbani. Kila mmoja alikuwa amepata wa kumpelekea. Nilizipanga mezani kuzunguka chupa za soda, na kila moja niliigeuza kidogo chini, bila kumwaga, kuona nukta.

Iliyokosekana ilikuwa moja. Mama Ngoie alikuja mwenyewe, mwisho wa wote, na sahani yake ya maua, ile ile niliyomjazia. Ndani kulikuwa na viazi vitamu vya karanga.

"Na ile ya bibi yangu?" nikamuuliza.

"Ile siirudishi," akasema. "Nikirudisha, inaisha. Ile naikala nayo. Weye kamata hii. Hii iko kwako sasa." Akashuka ngazi, halafu akageuka. "Na usinirudishie bule."

"Mama Ngoie, lakini kesho kutwa naenda ku Lubumbashi."

"Weye utajua," akasema, akaingia kwake.

Nilikaa hapa, mahali pako, nikala viazi vyake kwa mkono. Karanga zilikuwa nyingi na chumvi imezidi, mkono wake unaujua. Nilisikia chumvi. Nilitafuna nikaisikia tena. Unajua mkono uliolaliwa ukianza kuamka hauamki kwa raha, unachoma. Ulichoma. Nililia, Mama Beya, mdomo umejaa viazi, mbele ya mlango wazi, na aliyepita aliona.

Haikudumu. Leo asubuhi nimerudi kuwa kama nilivyokuwa, karibu. Lakini chai ilikuwa na sukari, hilo nalisema.

Beya ataniuliza kuhusu suti, na mti, na kuku. Ataniambia kila kitu kimeshapangwa, na kweli kimepangwa, na yeye ni mtoto mzuri, ananipenda kwa namna aliyonayo. Nitampa sahani ya bowa aende nayo kwa watoto, ya kwetu yenye nukta. Nitamwambia asiniletee mpaka apate cha kuweka. Ataelewa au hataelewa, alikuwa mdogo sana ile Noeli ya mihogo.

Sasa hivi nimeinuka, mabegi nimeyarudisha chumbani, na mpangaji nitamwambia atafute nyumba nyingine. Sahani ya Mama Ngoie nimeiosha, nimeikausha, nimeiweka kabatini pale pale ilipokuwa. Cha kuweka ndani bado sijakipata, na mimi kupika ndiyo kwanza naanza, itachukua muda. Ndivyo nitakavyomwambia mtoto kesho, na akibisha nitamwambia tena, kama nilivyowaambia wale wazee kiwandani: mtu haondoki akiwa na chombo cha wenzake.

Lala vizuri, bibi yangu. Mvua imepungua, na kuna mtu anakuja njiani.

Bwana yako,
Papa Beya